Silesi ya Juu Imekwenda Wapi?

Jumanne, tarehe 3

Leo nimesema uongo. Mdogo tu. Lakini umeshaanza kunenepa.

Binti yangu anarudi kazini Jumatatu. Ataondoka alfajiri, na mumewe vilevile. Mjukuu wangu, msichana wa miaka minne, atabaki na bibi mmoja. Mmoja! Na hapa tumo wawili: mimi, na mama yake mkwe wangu, mkunga mstaafu anayetembea na saa mkononi kama bado anasubiri uchungu wa mtu. Wanasema mafahali wawili hawakai zizi moja. Sisi si mafahali, lakini zizi lenyewe ni kitanda kimoja, na Mkunga anakoroma kwa mpangilio.

Mezani binti akauliza nani anaweza kutumia ile mashine ya kukaanga kwa upepo. Maana mtoto asubuhi hali kitu ila silesi mbili za mkate zenye jibini katikati, zilizochomwa humo. Uji anautema. Yai analificha chini ya mto. Nikadakia kabla hajamaliza: mimi! Kwa mama yako mdogo tunaitumia kila siku!

Mama yake mdogo anapikia kuni.

Mkunga akasema yeye hajui, ila atajifunza. Umeona ujanja huo? Kujifanya mnyonge!

Wameamua Jumapili kila bibi apike wake, waone. Nikishindwa narudi kwangu, safari ya kutwa nzima, na mjukuu nitamwona mwakani. Akili ya mtoto ni ubao, hufutika upesi. Atanipa shikamoo ya wageni, kisha ajifiche nyuma ya mama yake.

Jumatano, tarehe 4

Mkunga kampeleka mtoto kwenye bembea. Nina saa moja!

Mashine imekaa kama ndoo iliyonuna. Juu ina picha: kuku, samaki, viazi, keki. Mkate hakuna. Mimi niliishia darasa la nne, lakini akili haina darasa. Nikafikiri. Ndani ya mkate kuna jibini. Jibini ni maziwa. Maziwa ni ya ng'ombe. Ng'ombe hayupo. Aliye jirani na ng'ombe ni nani? Kuku, wanalala boma moja. Nikabonyeza kuku. Ikaandika dakika ishirini na tano. Nikasema mashine ndiyo inayojua.

Moshi! Umetoka mkate kama soli ya kiatu cha askari. Mara nasikia viatu vya Mkunga ngazini. Karudi mapema! Niutupe wapi? Pipa liko wazi, dirisha linatazama njia. Nikaula. Wote. Ushahidi umo tumboni.

Akanusa, akauliza nini kinaungua. Nikasema nafukiza mbu. Akatazama saa yake. Akasema mbu wa saa nne asubuhi ndio kwanza anawasikia. Meno yangu yote meusi. Nilicheka mdomo umefungwa mpaka mchana.

Alhamisi, tarehe 5

Nilimuuliza mjukuu mama yake hubonyeza wapi. Akasema, "Anabonyeza, halafu inaimba." Shahidi gani huyu!

Nikajaribu viazi, dakika nane. Nikakimbia chooni mara moja, nikarudi, ikaimba. Nikafungua. Silesi moja! Jibini limekaa wazi limekodoa macho. Silesi ya juu haipo! Nikatazama chini ya meza. Nyuma ya jokofu. Kwenye mfuko wa aproni yangu mwenyewe. Haipo. Na jikoni nani yumo? Mkunga, anasuuza kikombe, mtulivu kama maji ya mtungini.

Nikamuuliza kwa adabu tu, dada, umeionja? Akaweka kikombe chini. Akasema amepokea watoto wa watu miaka thelathini na hakuna aliyepungua mkononi mwake, hawezi kuanza wizi uzeeni kwa silesi. Binti akatoka chumbani, kuna nini huku? Kabla sijajibu, harufu. Silesi ilikuwa mlemle, juu kabisa, imeng'ang'ania vyuma vya moto kama popo! Upepo wa mashine umeirusha.

Mkunga akachungulia. Akasema, "Ohoo." Hilo ohoo nimeliweka moyoni.

Sikuomba radhi. Nilikohoa. Binti akauliza kwani kwa mama mdogo hazirukagi? Nikasema kule mikate ni mizito.

Ijumaa, tarehe 6

Dawa ya kinachoruka ni kukikalia. Nilihitaji kitu kizito kisichoungua. Kijiko, kikateleza. Kifuniko, hakikuenea. Nikaenda bafuni nikatulia kidogo, nikaona. Jiwe langu la kusugulia miguu! Nililiosha mara tatu kwa sabuni na mara moja kwa maji ya moto, Mungu ananiona.

Mkate ukatoka wa dhahabu! Umelala vizuri, jibini linatiririka. Mkwe wangu akapita, akasifu harufu. Nikamkaribisha. Akala huku anatikisa kichwa, akasema mama, huu mtamu kuliko wa nyumbani. Mkunga alikuwa mlangoni akisikia kila neno. Nilijiona nimeshashinda. Nilishaanza kupanga nguo zangu kabatini kichwani mwangu.

Ndipo mjukuu akaingia, akachungulia kwenye mashine, akauliza kwa sauti ya mnadani, "Bibi, mbona jiwe lako la miguu limo humu?"

Mkwe akaacha kutafuna. Saa ya Mkunga nikaisikia inavyotembea. Mkwe wangu ana malezi. Alifumba macho, akameza. Akasema ahsante mama, akaenda kupiga mswaki.

Malezi yake ni ya Mkunga, lakini hilo sisemi.

Jumamosi, tarehe 7

Mkunga amejaribu leo. Nilikuwa nakunja nguo koridoni, nguo zilezile mara nne, nachungulia. Alipaka siagi kwa nje. Kwa nje! Akauchoma mkate kwa vijiti viwili vya meno, juu mpaka chini, usiruke. Akabonyeza samaki. Mkate na samaki wapi na wapi! Dakika sita kwa saa yake. Ukatoka kama picha.

Akanikuta mlangoni. Akasema dada njoo nikuoneshe, si kazi kubwa. Nikamwambia samaki hafundishwi kuogelea. Akasema haya.

Baadaye binti kanifuata uani. Akanishika mkono, akasema mama, kesho vyovyote itakavyokuwa usinilaumu, namtaka mtu ambaye nikimwachia mtoto moyo wangu utakaa. Nikamwambia nenda zako huko, mimi nilikulea bila mashine yoyote. Alipoondoka nikakaa juu ya ndoo, nikalia kidogo. Kidogo sana. Kisha nikaenda kuchukua vijiti.

Jumapili, tarehe 8

Mwandiko wa leo usamehewe.

Mkunga alipika wa kwake, mzuri, mtoto akala nusu. Zamu yangu. Yeye aliweka vijiti viwili, mimi nikaweka vinne, maana bibi mzaa mama ana uchungu zaidi. Siagi nje. Samaki. Dakika sita. Ukatoka sawasawa! Nikachomoa vijiti, nikamkabidhi mjukuu. Akauma. Akatafuna. Akacheka! Binti akanitazama kwa jicho lile la utotoni.

Nikatazama sahani. Vijiti vitatu.

Nikahesabu tena. Vitatu.

Nilipiga kelele ambayo sijui ilitoka wapi. Kijiti! Kijiti kimo kinywani! Mtoto akashtuka, akapaliwa, akaanza kukohoa. Binti analia. Mkwe kashika funguo za gari, anazunguka meza hajui mlango uko wapi. Mimi naupasua mkate chembe kwa chembe, namwita Mungu, naahidi mambo hata siyakumbuki. Mkunga peke yake hakupaza sauti. Alimlaza mtoto kifudifudi mapajani, akampiga mgongoni taratibu, akamgeuza, akaingiza kidole, akatazama kooni kwa tochi ya simu. Akasema pumua, mama, pumua tena, hivyohivyo. Mtoto akapumua. Koo safi. Lakini kijiti kiko wapi?

Mkunga akainua macho kunitazama nilivyokuwa napiga yowe. Akanitazama mdomo. Akampa binti mtoto, akanijia, akanikumbatia kwa nguvu kama msibani. Na kwa vidole viwili akachomoa kitu pembeni mwa meno yangu.

Nilikuwa nimekiuma mwenyewe tangu nilipokitoa!

Akawageukia. Akasema, "Hiki hapa, kilikuwa kimedondoka tu." Basi. Hakuongeza neno. Mkwe akakaa sakafuni. Mjukuu akauliza kama anaweza kuletewa mwingine wa bibi huyu, akinionesha mimi kwa kidole, maana ule umekuwa chenga.

Mkunga akaangalia saa. Akasema abaki mama yenu huyu, mtoto anakula mkono wake, na mimi magoti yangu yanalilia kitanda changu. Binti akaniuliza kwa macho. Nilitaka kusema ukweli. Kweli nilitaka. Nikafungua mdomo, nikasema karibuni chai.

Jumatatu, tarehe 9

Nimebaki!

Mkunga kaondoka asubuhi hii. Mlangoni kanipa karatasi, kaandika kwa herufi kubwa za kunisaidia: SIAGI NJE. VIJITI VIWILI, UVIHESABU. PICHA YA SAMAKI. DAKIKA SITA. Akanishika bega, akasema dada, mtunze, ukikwama nipigie. Machozi yakanilenga.

Kisha gari likaondoka, akili ikanirudia. Mtu aliyeshindwa anamwachiaje mshindi siri zake? Na jana alinifichia aibu kwa faida gani? Dakika sita! Anataka mkate utoke mbichi, mtoto augome, aitwe yeye. Nimemshtukia! Nikaweka kumi. Na samaki nikamwondoa, nikarudisha kuku.

Moshi mpaka koridoni. Nikafungua madirisha, nikapepea kwa khanga, nikageuka kumtazama mjukuu. Amekaa kwenye kigoda chake anakula mkate wa akiba niliokuwa nimeuacha mezani. Baridi. Silesi mbili na jibini lake, haujaguswa na moto. Ameumaliza wote. Akajipangusa mdomo, akasema mtamu, bibi, nipe mwingine.

Nikambeba, nikambusu utosi. Mtoto ana huruma huyu! Kala mkate baridi ili nisione aibu.

Binti kapiga simu kutoka kazini, sauti juu juu, ameshakula? Nikasema amekula wote. Wa moto? Nikasema moto mpaka majirani wameusikia. Akashusha pumzi, moyo wake umekaa.

Ule wa mashine nimeukagua vizuri. Umeungua juu tu, chini kuna kasehemu bado keupe. Kwa hiyo tatizo limejulikana. Kesho dakika kumi na tano.