Hoki ya Barafuni Uwanjani kwa Bibi

Jumatatu, 14 Julai

Jambo hili sijamwambia mtu yeyote, hata padri. Nataka kuwa golikipa wa hoki ya barafuni. Barafu kubwa kuliko zote niliyowahi kuiona ni ile ya kwenye kifuko cha nailoni, ya kutia kwenye juisi. Hilo halinizuii.

Mjomba Gabrieli aliwahi kuicheza. Ni kaka yake Mama, sajenti mstaafu, na sebuleni kwake Kihonda kuna picha yake: kofia yenye wavu usoni, miguu imefungwa vitu kama magodoro, fimbo mkononi, nyuma yake kweupe tupu. Jeshi lilimpeleka nchi ya baridi. Ukoo mzima unajua alikuwa bingwa. Zaidi ya hapo hakuna anayejua kitu. Alifungwa mangapi? Vile viatu vya vyuma unasimamaje navyo? Na kwa nini mtu aliyecheza juu ya barafu hanywi soda ya baridi? Akifika dukani anataka ya moto, siku zote.

Leo nilikwenda kumuuliza. Mpango: salamu, swali, jibu. Nikasema shikamoo. Akasema marahaba. Nikafungua mdomo. Nikamuuliza kama aongezewe chai. Nyumba ni yake, chai ni yake.

Na muda hauningoji. Jumapili ukoo unakaa kwa Bibi kule Nyandira milimani, na kwetu Waluguru neno la mjomba ndilo la mwisho. Mama anataka niende Gairo kwa Mama mdogo Eva nikauze dukani, maana kidato cha nne kimekwisha na matokeo hayakunibeba. Mimi nataka Mjomba akubali nikajitolee JKT, jeshi la kujenga taifa. Yeye alianzia jeshini akaishia golini. Njia ni hiyo, sijasikia nyingine.

Jumatano, 16 Julai

Mpango wa pili: nisiseme, nionyeshe. Nimekata godoro kuukuu nikajifunga vipande miguuni. Usoni chekeche la unga, limefungwa kwa kanga. Salma, mtoto wa mama mkubwa, alikubali kunirushia machungwa. Alikubali haraka mno. Salma naye anaitaka JKT, na mdomo wake haujapumzika tangu azaliwe. Alirusha huku akiuliza hiyo hoki ya barafuni nitachezea wapi hapa Morogoro, ndani ya glasi ya juisi ya miwa?

Nilidaka moja. Lilikuwa limeoza.

Mjomba akapita saa ile ile. Nikampa shikamoo ndani ya chekeche. Alisimama, akanitazama juu mpaka chini, akamuuliza Mama kama tumeingiliwa na nyuki. Mama akasema hana habari. Mjomba akashauri tufukize moshi, akaenda zake.

Ijumaa, 18 Julai. Nyandira

Nimetangulia kumsaidia Bibi Cecilia maandalizi. Baridi ya huku si ya mchezo. Bibi anasema asubuhi maji yanakata vidole. Nikakaa na neno hilo kutwa nzima. Mwalimu wa jiografia alitufundisha kwamba kadiri unavyopanda mlima, joto linashuka. Nami nimepanda sana. Hata gari la mboga lilizimika njiani.

Halafu jikoni, ukutani, nimeona glavu. Kubwa, ya ngozi, nyeusi kwa masizi, ina wavu kati ya kidole gumba na vingine. Nikauliza ni nini. (Bibi simwogopi.) Akasema ni kishikio cha sufuria, Mjomba wako aliniletea kutoka Uzunguni, kizuri sana, kasoro yake kinaingia mkono wa kushoto tu.

Nilikigusa. Kinanuka maharage.

Jumamosi, 19 Julai

Nimechota maji mtoni tangu alasiri. Bibi amenisifu, amesema kumbe wasichana wa mjini nao wana migongo. Sikumwambia ya nini. Uwanja wake ni wa udongo mwekundu, umefagiliwa ukang'aa, umeinama kidogo kuelekea mlangoni. Jua lilipozama nikaumwagia maji yote. Alfajiri utakuwa bapa moja la barafu. Mjomba atafika, ataona, ataelewa. Sitahitaji kusema hata neno moja.

Jumapili, 20 Julai

Haikuganda.

Ilikuwa tope laini kama sabuni ya mche iliyolala ndani ya maji. Bibi alitoka mlangoni, akatazama mbinguni, akasema mvua gani hii imenyesha kwangu peke yangu. Nikaanza kumwaga majivu ya jikoni. Nilichelewa. Mjomba alikuwa ameshaingia uwanjani na suti ya kanisani.

Mguu wa kulia ulikwenda kwake, wa kushoto kwake. Salma, nyuma yake, akapiga kelele, akateleza naye, akaangukia rundo la kabichi zinazongoja soko. Kabichi moja ikachomoka, ikashuka na mteremko, inakwenda kasi kuelekea mlango wa Bibi. Mjomba alikuwa chini tayari, magoti yamekutana, nyayo zimeachana. Kabichi ikamgonga ugoko. Ikasimama.

Mjomba akaitazama ile kabichi, akasema kwa sauti ya chini, "Ya pili."

Hakuna aliyeelewa. Mimi nilipata homa ya kutaka kujua. Wakati namfuta tope, maneno yakatoka yenyewe. Nikamuuliza, "Mjomba, ya kwanza ilikuwa ipi?"

Akacheka mpaka akaketi kwenye kinu. Akasema miaka yote picha iko ukutani hakuna aliyemuuliza. Alipelekwa kujifunza ufundi wa magari ya jeshi. Nyuma ya kambi ziwa liliganda, na wenyeji walicheza kila Jumamosi. Yeye hakuweza kusimama na vile viatu, wakamweka golini ili ashikilie mlingoti. Hiyo ndiyo sifa pekee aliyokuwa nayo. Kile kisahani cheusi cha mpira kilipita juu yake, chini yake, kando yake, majira yote ya baridi. Siku moja akaanguka kabla hakijapigwa, kikamkuta kifuani. Wakambeba, wakampiga picha. Mwisho wa historia.

Nikamuuliza kama aliogopa. Akasema kila Jumamosi. Nikamuuliza kwa nini basi alikwenda. Akasema aliamriwa.

Mchana ukoo ukakaa. Salma akaomba JKT kwa hotuba ndefu, majani ya kabichi bado kwenye nywele. Mjomba akakubali. Kisha akanigeukia. "Haya mama, nawe sema unachotaka."

Macho yote kwangu. Nilikuwa na sentensi yangu, fupi, nimeifanyia mazoezi njia nzima ya kupanda huku. Nikasimama.

Nikauliza nani aongezewe chai.

Salma akasema mmesikia, anataka mgahawa. Mjomba hakucheka. Akasema golikipa lazima apige kelele mabeki wamsikie, kwa hiyo mpwa wake ataanzia Gairo, nyuma ya kaunta, azoee kusema na watu. Mwakani aje amwambie mwenyewe anachotaka, kwa mdomo wake. Akiweza, atampeleka kujiandikisha kwa mkono wake. Kumbe alijua. Kumbe hata habari ya nyuki hakuiamini.

Alhamisi, 24 Julai. Gairo

Leo ameingia mteja wa sukari nikajificha nyuma ya gunia la karanga. Amehudumiwa na Mama mdogo. Kesho nitasema na mteja. Au keshokutwa.

Kwa sababu nimeona jambo. Mama mdogo Eva ana friza. Kubwa, la kulala, anagandishia maji ya kuuza. Mabeseni yanaenea ndani bila shida. Ukigandisha mabeseni ya kutosha, ukayapanga kwenye sakafu ya stoo, huo ni uwanja. Jumamosi Mama mdogo anakwenda mazoezi ya kwaya. Mjomba akija kututembelea, nitafungua tu mlango wa stoo. Ataona, ataelewa. Sitahitaji kusema hata neno moja.

Bibi amempigia simu Mama, anauliza nani ameona kishikio chake cha sufuria. Kinanitosha vizuri sana mkono wa kushoto. Wewe unayesoma hapa, tafadhali, hukukiona.