Taa ya Manjano ya Bi Ummi

Jumatatu, 4 Agosti

Siku mbaya. Bi Ummi amekuja gereji asubuhi, akakaa kwenye kiti cha marehemu mumewe, Mzee Jafar, akatoa habari. Anahamia Malindi kwa binti yake. Gereji haiuzi. Atamwachia mmoja wetu funguo na usimamizi wote. Mimi au Kafedha.

Mimi au Kafedha! Mimi niliyefungua geti hili la Bombolulu kila asubuhi kwa miaka ishirini na mmoja. Mimi niliyebeba jeneza la Mzee Jafar. Kafedha, msichana wa juzi, ana miaka miwili hapa, cheti cha chuo, na adabu. Hiyo adabu ndiyo inayonikera zaidi. Kila asubuhi, shikamoo fundi. Nina miaka arobaini na sita tu!

Mtihani ni gari la Bi Ummi mwenyewe. Taa ya injini, ile ya manjano, iliwaka Ijumaa, na kila asubuhi gari linanuka petroli. Atakayeizima, ikazimika kweli, ndiye mwenye funguo. Bibi anasafiri Jumanne ijayo. Kafedha alichomeka mashine yake ya kusoma makosa, akasema kuna mvuke wa petroli unaovuja mahali, tena kwa tundu dogo kuliko tundu la sindano. Mvuke! Watu wa Kisauni wana magari yanayovuja oili, maji na breki, sisi tunahangaika na hewa.

Ajabu ni kuwa gari hilo nililihudumia mwenyewe Alhamisi. Nilibadilisha oili, nikalipeleka kujaza petroli, nikalipangusa likang'aa. Bila shaka kuna mtu alilichezea baada yangu. Simtaji jina.

Jambo moja zuri: thamosi yangu haivuji tena. Wiki iliyopita nilipata mpira wa duara unaoingia kwenye kizibo chake sawasawa. Ila chai ina ladha ya petroli kidogo. Namshuku Kafedha.

Jumanne, 5 Agosti

Ushindi! Kafedha alipokwenda kununua viazi karai, niliazima mashine yake bila kumsumbua kwa kumwomba. Nikaichomeka chini ya usukani. Kumbe ina kitufe cha kufuta makosa! Miaka yote hii wananificha kitufe kama hicho. Nikabonyeza. Taa ikazimika. Dakika mbili tu.

Nikampigia simu Bi Ummi. Akaniombea dua ndefu, afya, riziki, watoto wema. Niliweka spika ili Kafedha asikie. Alisikia, akasema kwa upole kwamba kosa limefutwa lakini tundu halijazibwa. Eti gari hujipima lenyewe likishalala na kupoa, asubuhi moja au mbili, kisha taa hurudi. Nikamwambia aache wivu. Akasema haya, fundi.

Nimeshachagua mahali pa kutundika picha yangu ofisini.

Alhamisi, 7 Agosti

Taa imerudi. Imerudi Bi Ummi akiwa kwenye foleni ya Daraja la Nyali, na wenzake wawili wamekaa nyuma wanatazama. Alinipigia palepale. Sauti yake ilikuwa ya mtu anayezitaka dua zake zirudishwe.

Nikaamua kutumia ufundi wa kweli. Povu la sabuni! Pancha hutafutwa kwa povu, mtungi wa gesi hupimwa kwa povu. Nilichanganya ndoo nzima, nikapaka kila paipu kutoka tangini hadi kwenye injini. Nikalala chini ya gari saa mbili nzima nikisubiri kiputo. Hata kimoja! Shati limelowa, mgongo unauma.

Kafedha aliinama akaniambia kwamba mvuke huo una msukumo mdogo sana, hauwezi kuinua hata povu. Yeye anatengeneza mashine ya moshi. Kopo kuukuu la vanishi alilopewa na Gona, mpaka rangi wa jirani. Plagi ya kupasha injini ya dizeli. Mafuta ya watoto. Plagi inayachoma mafuta, kopo linajaa moshi, moshi unapulizwa polepole kwenye paipu za mvuke, na unapotokezea ndipo penye tundu. Shingo ya kopo ameivika mpira mzuri wa duara ili isivuje. Mafuta ya watoto! Nilicheka mpaka nikakohoa.

Kisha akataja jambo jingine. Alisema kwenye njia hiyo ya mvuke kuna mkebe uliojaa makaa, kazi yake kunyonya mvuke wa petroli. Makaa, ndani ya gari! Nikaenda nyumbani mapema nikafikiri.

Ijumaa, 8 Agosti

Makaa na moshi. Jamani, mimi nifundishwe moshi na msichana wa Kaloleni? Kwetu nguo hufukizwa, nyumba hufukizwa, bibi harusi hufukizwa mpaka machozi yamtoke. Nani ajuaye moshi unavyopenya kuliko sisi?

Baada ya swala ya Ijumaa nilichukua chetezo cha mke wangu Jalila, kile alichopewa na mama yake siku ya harusi yetu. Nikatia makaa mekundu, na juu yake kipande kikubwa cha udi. Nia yangu ilikuwa kufungua tangi, kuingiza mpira wa maji, na kuusukuma moshi ndani kwa pampu ya baiskeli. Chetezo kikafuka vizuri. Gari zima likanukia. Nikashika kifuniko cha tangi.

Ndipo Kafedha alipopiga ukelele. Si shikamoo, si fundi. Anwar! Gona alisimama na brashi yake hewani. Kafedha akanipokonya chetezo, akakitupa kwenye ndoo ya mchanga, kikapasuka vipande vitatu. Akaniuliza kama nataka kumwachia Jalila ujane. Niliogopa, naliandika hili kwa kuwa hakuna anayesoma daftari langu. Nililiona kaa moja jekundu likizimika mchangani, hatua moja tu kutoka tangini.

Mara akaingia Bi Ummi. Akavuta pumzi, akasimama. Alisema gari linanukia Mzee Jafar, siku ya Ijumaa, akitoka msikitini. Akajifuta macho kwa ncha ya mtandio. Nami nikamkumbuka mzee, aliyenionyesha jinsi ya kushika spana, na nikaona uchungu wa kweli. Ulidumu kitambo. Kisha nikamwambia Bi Ummi kwamba hiyo ndiyo iliyokuwa nia yangu tangu mwanzo. Kafedha alinitazama tu. Hata kushtaki hajui!

Jumapili, 10 Agosti

Jalila hasemi nami. Amevipanga vile vipande vitatu mezani, mbele ya sahani yangu. Nimekula nikivitazama. Nilimweleza kwamba aliyekivunja ni Kafedha. Akauliza ni nani aliyekitoa nyumbani. Maswali ya namna hii ndiyo yanayoharibu ndoa.

Taa bado inawaka. Kesho Kafedha atapima mbele ya Bi Ummi. Nimeomba moshi wake uende kila mahali isipokuwa panapotakiwa. Nimeomba kwa unyenyekevu kabisa.

Jumatatu, 11 Agosti

Naandika kwa mkono mzito.

Bi Ummi alikaa kwenye kiti cha mumewe, Gona akaja na kigoda chake. Mgeni hakai kinywa kikavu mahali ninapofanya kazi, kwa hiyo nilileta thamosi na vikombe. Kafedha alichomeka mrija wa mashine yake ya moshi kwenye paipu ya mvuke karibu na injini, akaziba njia ya hewa upande wa pili, akaunganisha betri. Tukasubiri. Akapita na tochi. Vali, hakuna moshi. Mkebe wa makaa, hakuna. Paipu nilizozipaka sabuni, hakuna, hata akazisifu kwa usafi. Nikaanza kumimina chai kwa furaha.

Kisha uzi mwembamba wa moshi ukachomoza ubavuni mwa gari. Kwenye kifuniko cha tangi! Kafedha akakifungua, akakigeuza. Hakina mpira. Bi Ummi akauliza ni nani wa mwisho kukifungua. Ghafla watu wote wakawa na kumbukumbu nzuri: Anwar, Alhamisi ile, alipokwenda kujaza petroli. Nikawaeleza kwamba mpira ule ni pambo, kifuniko hujikaza chenyewe kinapozungushwa. Nikampa Bi Ummi kikombe ili apoe.

Akanywa funda moja. Akatema.

"Anwar, mwanangu, chai hii ina petroli."

Kafedha akaiomba thamosi kwa mikono miwili, kama anavyoomba kila kitu. Akafungua kizibo, akachomoa mpira kwa ukucha, akaufuta, akauvika kwenye kifuniko cha tangi, akafunga. Tak, tak, tak. Moshi ukakatika.

Hakucheka mtu. Afadhali wangecheka. Bi Ummi alisema tu kwamba ningeomba, angeninunulia thamosi mpya. Kisha akampa Kafedha funguo, zile zenye kishikio cha ngozi alichokishona Mzee Jafar kwa mkono wake. Miaka ishirini na mmoja niliziona zikining'inia kiunoni mwa mzee, kisha mwa bibi, nikijua siku moja zitahamia kwangu. Nilikwenda nyuma ya gereji nikasimama penye matairi mabovu mpaka macho yalipokauka.

Kafedha alinifuata huko. Alisema mpira umeshapikika kwa chai, kwa hiyo ataweka kifuniko kipya kabla bibi hajasafiri. Alisema pia kwamba hajui mtu anayezielewa injini za zamani kama mimi, na kwamba angependa nibaki. Nikamjibu nitafikiri. Nitabaki, maana sina pa kwenda.

Jumatano, 13 Agosti

Bi Ummi alifika Malindi jana salama. Taa haikuwaka njia nzima, wala leo asubuhi. Alimpigia Kafedha kumshukuru. Mwishoni akasema nami nisalimiwe.

Kafedha ameniamkia shikamoo kama kawaida, funguo zikilia kiunoni. Nimeitikia marahaba. Nimemeza machungu kuliko dawa yoyote niliyowahi kupewa. Funzo nimelipata, tena kubwa: usimpe mtu chai yako.

Thamosi imeanza kuvuja tena. Imenilowesha suruali mbele ya wateja. Lakini bahati haijaniacha kabisa. Juu ya benchi nilikuta lile kopo la moshi la Kafedha, limekaa bure, na mpira wake mzuri shingoni. Kifuniko cha kopo hujikaza chenyewe kinapozungushwa. Mpira ni pambo tu. Nikaujaribu kwenye kizibo changu. Umeingia sawasawa, kama uliopimwa.

Kesho Kafedha atapima gari la mteja mkubwa kutoka Nyali, mbele ya watu. Nitasimama karibu nione vizuri.

Chai haivuji hata tone. Ila leo ina ladha ya mafuta ya watoto. Namshuku Kafedha.