Miatini Juu ya Paa la Mutanu

Leo nimeaibika mbele ya kanisa zima, na jioni hii bado namshukuru Mungu. Ndugu zangu tuliosoma pamoja chuo cha Biblia, someni barua hii kimya kimya. Msiisome kwa sauti wakati wa chakula.

Mnajua mwaka huu nimepewa darasa la wahubiri wasaidizi hapa Mbooni. Kila Jumatano nawafundisha mantiki: jinsi ya kutoka kwenye kauli mbili za kweli na kufika kwenye hitimisho bila kuanguka njiani. Wanafunzi ni tisa. Anayeshika mkia ni Mama Kalondu, nyanya wa wajukuu kumi na mmoja. Juzi alipata alama tatu kwa ishirini.

Leo baada ya ibada mchungaji akasema mtu asitoke. Kuna shtaka. Mutanu, mjane anayekaa karibu na kanisa, ameonekana ameanika miatini juu ya paa la jiko lake. Ninyi mlio mbali na huku: miatini ni yale matunda marefu mazito ambayo wapikaji wa kaluvu, pombe yetu ya asali, huyatumia kuichachusha. Na pombe kanisani kwetu haina mchezo. Akipatikana na hatia, nyumba yake itatengwa miezi sita. Na Jumamosi hii binti yake anaolewa hapa hapa! Nyumba iliyotengwa haifungishwi ndoa kanisani.

Mutanu alisimama mbele, ameisokota leso yake mpaka ikawa kamba.

"Sipiki pombe," alisema. "Sijawahi kupika."

Mchungaji akauliza nani atatusaidia kuamua kwa haki. Nani tena? Nikainuka, nikaenda kwenye ubao wa watoto wa nasari, nikashika chaki. Nikaandika:

Kila mpika kaluvu ana miatini.
Mutanu ana miatini.
Kwa hiyo Mutanu ni mpika kaluvu.

Nikapiga mstari chini. Nikapiga wa pili. Wazee wenzangu wakatikisa vichwa kwa heshima. (Nilijiona Sulemani, Bwana anisamehe.)

"Mwalimu." Alikuwa Mama Kalondu.

"Mama, hapa si darasani."

"Najua. Lakini kila mbuzi ana miguu minne, sivyo?"

"Ndivyo."

"Na hiyo meza ya mchungaji ina miguu minne."

"Ndiyo..."

"Basi tuichinje siku ya harusi!"

Asi! Kanisa lilicheka mpaka mzee mmoja akaangusha meno yake ya bandia. Nikageukia ubao. Kosa lilikuwa pale, linanitazama, kosa lile lile nililomkatia yeye alama! Kila mpika pombe ana miatini, sawa. Lakini nani alisema kila mwenye miatini anapika pombe?

Mtu mwenye busara angeketi hapo. Mimi nikaendelea.

"Haya," nikasema kwa ukali. "Nionyesheni boma moja, moja tu, lenye miatini na lisilopika pombe!"

Kisha ikatoka sauti ninayoijua kwa miaka thelathini na minne. Mke wangu.

"Letu, Baba Mutua."

"Letu lipi?"

"Hili letu. Iko chini ya kitanda. Ile dawa ninayokukanda nayo kiuno kila jioni, unayoisifu kwamba ni ya hospitali, ni miatini niliyochemsha. Mutanu ndiye hunipa. Niliitia kwenye chupa ya hospitali kwa sababu ulikataa dawa za kienyeji."

"Na inamsaidia?" mchungaji akauliza. (Mchungaji!)

"Mwaka jana alikuwa analia akifunga viatu. Leo si mmemwona alivyoruka kwenda ubaoni?"

Mwandishi wa kanisa akainua kalamu, akauliza kwa upole kama nyumba za kutengwa sasa aandike mbili.

Ndugu zangu, nilitafuta shimo sakafuni, lakini sakafu tulipiga saruji mwaka jana, na mimi ndiye niliyesimamia kazi. Nikachukua kitambaa, nikaufuta mstari wa tatu kwa mkono wangu mwenyewe.

"Kauli mbili za juu ni kweli," nikasema. "Ya tatu haitoki humo. Hana hatia. Mutanu, nisamehe."

"Nimekusamehe, Mzee," akajibu, akiikunjua leso yake taratibu. "Lakini ile chupa ikiisha, uje uombe mwenyewe."

Shtaka likafutwa. Vigelegele vilivyopigwa nadhani vilisikika hadi soko la Kikima! Akina mama wakambeba Mama Kalondu juu juu hadi mlangoni, naye anapiga kelele kwamba harusi ni Jumamosi saa nne na asiyekuja ni mbuzi. Nilipiga makofi kuliko wote, viganja bado vinawasha.

Miaka mingi nimekuwa nikiomba Mungu anipe mwanafunzi mmoja tu atakayelielewa somo hili sawasawa. Leo amenijibu. Ningejua, ningemwomba anijibu faraghani.