Mitokondria za Gervais

Jumatatu, 2 Juni
Gervais anaposa Jumapili. Anamposa Jeannine! Jeannine wangu, mwalimu wa baiolojia, ambaye nimempenda miaka mitatu bila yeye kujua, kwa sababu nilikuwa bado napanga. Na Gervais ni nani? Mtoto wa mama mkubwa Selestine, dada yake mama. Mtu wa kusukuma baiskeli za mpunga! Mimi nina kibanda Mpanda mjini, nachaji simu, nauza betri za sola, nakaa kwenye kiti cha kuzunguka. Hivi wanawake wanatazama nini?

Nimekula chipsi mayai sahani mbili kwa hasira.

Jumanne, 3 Juni
Mungu hamtupi mja wake. Redioni daktari kaeleza kitu kinaitwa mitokondria. Ni vibetri vidogo mno, vimo ndani ya mwili, ndivyo vinavyoupa nguvu. Kwenye moyo vimejaa tele, maana moyo haujui Jumapili wala sikukuu. Vikiwa vibovu moyo unachoka, mtu anaishiwa pumzi. Halafu kasema jambo tamu: mtu huvirithi kwa mama. Baba hachangii kitu!

Akaanza habari za mazoezi, nikazima redio. Nilichotaka nimeshapata.

Wazee wetu kabla ya kutoa binti huchunguza ukoo wa mwanaume. Wanauliza kifafa, wanauliza wendawazimu, wanauliza uchawi. Nani amewahi kuuliza mitokondria? Akili ni nywele, kila mtu ana zake.

Jumatano, 4 Juni
Nimeenda Kasokola kwa Mzee Sixte, baba yake Jeannine. Nikajifanya napita tu. Nikamwambia kwa huzuni kwamba Gervais ni ndugu yangu, lakini siwezi kunyamaza wakati binti wa watu anaandaliwa ujane. Upande wa mama yake Gervais, betri za moyo ni mbovu. Mzee akataka ushahidi. Nikamkumbusha mjomba wake Gervais, yule Arcade, aliyeanguka shambani kule Mamba akabebwa na watu wanne. Sikusema kwamba alikuwa amelewa. Hakuniuliza.

Mzee kashika kidevu. Kasema atamuuliza Jeannine, ndiye mwenye vitabu. Amuulize! Atajua kuna mwanaume Mpanda hii anayejua mitokondria. Nimerudi kwa boda huku naimba. Gervais akishakataliwa, naingiza posa yangu.

Alhamisi, 5 Juni
Jamani! Jamani!

Mzee kaniita. Jeannine alikuwepo. Kakubali kila neno langu: magonjwa ya mitokondria yapo, ingawa ni nadra, yanaweza kushambulia moyo, na mitokondria hutoka kwa mama. Nikatabasamu. Akaniuliza mama yake Gervais na mama yangu ni nani kwa nani. Nikasema ni dada. Akauliza kama ni tumbo moja. Nikasema moja kabisa, bibi yetu ni mmo...

Akauliza huyo Arcade ananiita nani mimi.

Ananiita mpwa!

Mzee Sixte kacheka mpaka kakohoa. Jeannine hakucheka, na hilo ndilo limeniuma. Kasema moyo si jambo la mzaha, kesho mimi na Gervais tukapimwe wote wawili.

Ijumaa, 6 Juni
Zahanati. Gervais kaja na baiskeli yake, kanisalimia kwa upole, kaniita kaka. Nauchukia upole wake. Presha yake safi, moyo wake hauna neno. Katoka anapiga mluzi.

Yangu nesi kapima, kapima tena, kamwita mwenzake aje aone. Iko juu! Kauliza natembea kiasi gani. Nikasema kutoka mlangoni mpaka kwenye boda. Kasema mtu akifanya mazoezi betri za moyo zinapata nguvu, akikaa tu zinalegea. Nikamweleza kwamba hizi ni za urithi. Kanijibu kwamba mwenzangu karithi hizohizo.

Nimeogopa, sitaficha. Nina miaka thelathini na minne tu! Nimepewa vidonge. Nimeapa kutembea kila siku.

Jumamosi, 7 Juni
Mama kasikia. Kaja kibandani kwa miguu, gunia la mahindi kichwani, kalitupa mbele yangu, ardhi ikatetemeka. Kauliza kama huo ndio moyo mbovu. Nyuma yake mama mkubwa Selestine, na gunia lake. Soko zima likaja kutazama. Mama kasema mchimba kisima huingia mwenyewe, na kama maziwa yake yaliniharibu, basi nijipikie. Kesho atakaa upande wa Gervais.

Jumapili, 8 Juni
Posa imekubaliwa. Aliyepiga vigelegele kuliko wote ni mama yangu mzazi.

Jeannine alimtazama Gervais kwa namna ambayo mimi sijawahi kutazamwa na mtu. Niliumia, niliumia sana. Baadaye kanifuata, kasema nimeze dawa, nitembee, ananitaka mzima siku ya harusi. Kaniita shemeji. Shemeji! Nimelia kidogo nyuma ya nyumba, kuku wakiniangalia.

Jumatatu, 9 Juni
Leo nimeanza maisha mapya. Nimetembea hadi kona. Vumbi lilikuwa jingi, nikaita boda. Mchana nimekula chipsi bila mayai, kwa ajili ya moyo.

Daktari wa redioni leo kazungumzia figo. Safari hii nimesikiliza mpaka mwisho, sirudii kosa. Magonjwa mengine ya figo, kasema, mtu anaweza kuyarithi kwa mama au kwa baba. Harusi ni Agosti, muda upo. Kesho asubuhi naenda kwa Mzee Sixte, na kwa kuwa baba zetu ni mbalimbali, hata mambo yakiharibika, aibu itanihusu nusu tu.