Namna Nilivyomsaidia Kelera

Jumatatu, 3 Machi
Mvua. Mji mzima wa Suva unanuka soksi mbichi. Habari kubwa ofisini: mkuu wa kitengo anastaafu, kiti chake kiko wazi. Kiti changu hicho! Nimekistahili tangu siku ile nilipoiponya printa kwa teke.

Kikwazo ni Sakiusa. Yeye ndiye msimamizi wa hifadhidata ya idara, humo kwenye seva mnamokaa usomaji wa kila mita ya maji kuanzia hapa hadi Nausori. Anatembea kana kwamba maji yenyewe kayatengeneza yeye. Leo kanigonga bega mbele ya watu. "Binamu Hirdesh! Suruali ya ukuu umeshashona, au utakuja na hiyo hiyo?" Wote wakacheka. Na mimi nikacheka. Moyoni nilikuwa natokota.

Nahitaji jambo kubwa. La kumfunga mdomo.

Jumanne, 4 Machi
Nimelipata! Lilikuwa limekaa meza ya jirani muda wote. Kelera.

Kelera ni mtakwimu wetu wa mkataba, mjane, mtu wa kisiwa cha Kadavu. Kila asubuhi anachota usomaji wa mita kutoka kwenye hifadhidata, anaupeleka kwenye kompyuta yake, anaupitisha kwenye skripti, yaani orodha ya amri za kompyuta, aliyoiandika mwenyewe. Ikifika saa ya kula, skripti inamtolea majina ya mitaa ambako mabomba yanavuja. Kisha anayarudisha majina hayo kwenye hifadhidata, huku anaimba za kanisani kwa sauti ya chini. Asubuhi nzima imekwenda!

Mpango wangu: hesabu zihamie kule kule data iliko. Skripti ya Kelera inafungwa ndani ya hifadhidata, inapewa jina, inakuwa utaratibu uliohifadhiwa. Unaliita jina kwa mstari mmoja tu, hesabu zinafanyika humo humo, majibu yanatoka. Hakuna tena kubeba data huku na huko kama ndoo kichwani. Nimesoma maelezo yote. Nusu nimeyaelewa.

Nikamwomba skripti. Ya nini, sikusema. Nilidai nataka kujifunza. Akafurahi hadi nikaona haya. Akasema, "Haya mdogo wangu, hatimaye mtu kaniuliza!" Akanielekeza mstari kwa mstari. Halafu akanigawia muhogo na samaki wake wa tui. Tangu mke wangu Shobna ahamie Brisbane, ng'ambo, chakula kilichopikwa na mtu nakila kwa Kelera tu.

Alhamisi, 6 Machi
Pigo! Hifadhidata imegoma. Inasema skripti za nje hazina ruhusa ya kuendeshwa humo hadi msimamizi afungue. Msimamizi ni nani? Sakiusa!

Hila ya kwanza: nikamwambia wakaguzi wameagiza. Akauliza wakaguzi gani. Nikakohoa. Hila ya pili: nikaleta yaqona, kile kinywaji cha mizizi kinachotia ulimi ganzi, ile nzuri kutoka sokoni, nikaichanganya mwenyewe. Akanywa bakuli baada ya bakuli, akapiga makofi kwa heshima zote kama ilivyo desturi, akasema nimuulize tena kesho. Ulimi wangu ulikuwa umekufa ganzi, sikuweza hata kumtukana.

Kumbe Kelera alisikia. Akaenda mwenyewe, akamwambia Sakiusa amfungulie huyu mtoto, anajifunza. Sakiusa humwita shangazi, kumkatalia hawezi. Watu walipokwenda kula akaizima seva, akaiwasha, ruhusa ikawa wazi.

Kelera hakujua anafungua mlango wa nini. Bahati yangu iliyoje!

Jumatatu, 10 Machi
Siku ya balaa. Nimeendesha skripti kwa mita zote kwa mkupuo mmoja. Ikala kumbukumbu yote ya seva, haikubakiza hata tone. Mfumo wa kaunta ukaganda. Foleni ya wateja ikafika nje kwenye mvua. Mzee mmoja mwenye mwavuli aliuliza kwa sauti kama tumeanza kuvujisha na akili.

Nikajifungia chooni. Sakiusa akawa anazunguka anafoka, nani kaua seva yake, nani! Nikamsikia Kelera akijibu kwa upole kwamba ni yeye, alikuwa akijaribu kitu, wamsamehe. Sakiusa akanywea papo hapo.

Nilipotoka, Kelera akaniinamia. "Mdogo wangu, unapika nini humo ndani?" Nikasema ni zawadi ya kushtukiza. Nilidhani ataniuliza zaidi. Akarudi kwenye kazi yake. Hakuimba leo.

Jumatano, 12 Machi
Imekubali! Sasa naipa wilaya moja moja, seva inapumua. Majibu yalitoka yakiwa uchi, safu hazina majina, tarakimu tupu. Nilikaribia kulia. Kumbe majina ya safu sharti uyataje mwenyewe mwishoni mwa amri, la sivyo hifadhidata haijishughulishi. Nimeyataja. Mtaa, mita, kiasi kinachovuja. Nimelinganisha na majibu ya Kelera ya leo. Yale yale, hadi nukta ya mwisho!

Nilitamani kumwonyesha mtu. Mtu pekee wa kumwonyesha ni Kelera. Nikajizuia.

Jumamosi, 15 Machi
Nilijificha ndani jana kukwepa Holi, sikukuu ya kurushiana rangi. Watoto wa jirani wakanikuta nikitoa takataka. Sikio la kushoto ni la zambarau na rangi haitaki kutoka. Nimelisugua kwa sabuni ya kufulia. Sasa ni la zambarau na limevimba. Jumatatu ndiyo siku ya onyesho la kazi yangu mbele ya Mkurugenzi!

Jumatatu, 17 Machi
USHINDI!

Mama Vunibola, Mkurugenzi wetu, alikaa mbele kabisa. Alilitazama sikio, akawa muungwana, akageukia chai yake. Nikaandika mstari mmoja. Nikabonyeza. Kabla hajamaliza kukoroga chai yake, mitaa yote inayovuja ikajaa kwenye skrini ya ukutani. Watu wakapiga makofi. Hata Sakiusa alipiga, ingawa polepole, kama mtu anayeua mbu.

Mama Vunibola akauliza kama lazima mtu aibonyeze. Nikasema hapana, Mama, tunaweza kuipangia ijiendeshe alfajiri, sote tukiwa bado tumelala. Akauliza hapo awali kazi hii ilikuwa ikifanywaje. Nikavimba kifua. Nikasema ilikuwa ikifanywa kwa mkono, na Bibi Kelera yule pale, asubuhi nzima, kila siku! Nikamnyooshea kidole ili wote wauone ukubwa wa nilichookoa.

Mama Vunibola akaandika kitu. Kelera alikuwa amesimama nyuma karibu na mlango. Akanipungia mkono. Anajivunia mimi, naona.

Jumatano, 19 Machi
Mkataba wa Kelera hautaongezwa. Ijumaa ndiyo mwisho.

Nilidhani ni mzaha wa Sakiusa, nikamwambia aache. Hakuwa anacheka. Alisema, "Binamu, ulimnyooshea kidole mbele ya watu wote. Ulitegemea nini?"

Nikaenda mbio kwa Mama Vunibola. Nikasema utaratibu huo bado mchanga, unaweza kukosea. Akanionyesha majibu ya leo. Hayana kosa. Nikasema huenda seva ikalemewa. Akasema nilimhakikishia mwenyewe kwamba haitalemewa, na nilieleza vizuri sana. Akanishukuru tena. Nikatoka.

Kelera alikuwa anafuta meza yake kwa kitambaa chenye maji, pembe zote, kama mtu anayeosha mtoto. Nikasema Kelera, mimi... Akasema chakula kipo kwenye kopo, nile kabla hakijapoa. Nikala.

Jumamosi, 22 Machi
Nimetoka gatini sasa hivi. Anarudi Kadavu kwa dada yake. Nyumba ya kupanga ya Nasinu ameirudisha kwa mwenyewe. Mizigo: mikeka, birika, sanduku moja, na mashine ya kushonea ya marehemu mama yake imefungwa kwenye shuka.

Nilikuwa nimejiandalia hotuba. Niliianza vibaya, nikaanza na kumbukumbu ya seva. Akanishika mkono, akaniambia ninyamaze kidogo.

Akasema, "Nilijua zamani, mdogo wangu. Ule ukurasa wa maelezo uliousoma wewe, mimi niliusoma kabla yako. Ningeweza kuifunga skripti humo ndani mwenyewe."

Nikamuuliza kwa nini hakufanya.

Akatazama watu wanaopanda meli. Akasema tangu mumewe afe, nyumba ya Nasinu ilikuwa kimya mno. Asubuhi akiamka alikuwa na pa kwenda, ana kitu cha kuchota na kukirudisha, na kuna mtu meza ya jirani wa kumgawia muhogo. Alisema, "Hesabu hazikunichosha hata siku moja. Nilizichelewesha makusudi."

Nikasema angeniambia. Akasema ningemuuliza.

Hakulisema kwa hasira, na hilo ndilo lililoniumiza. Akanibusu shavu la upande wa lile sikio, akapanda. Mvua ilikuwa kubwa, sikumwona tena juu. Nikaendelea kupunga hata hivyo. Mpakiaji mizigo akaniuliza nampungia nani. Nikasema dada yangu.

Jumatatu, 24 Machi
Nimefika ofisini, majibu yalishafika kabla yangu. Sahihi yote. Asubuhi nzima sikuwa na kazi. Hakuna aliyeimba.

Ukuu amepewa Sakiusa. Mama Vunibola anasema nimeifanya kazi ijiendeshe, sasa anatakiwa mtu wa kuisimamia seva. Nimempongeza. Sakiusa hakunitania. Afadhali angenitania.

Lakini sijakata tamaa! Nimewaza jambo wakati wa kula. Nikipata ushindi mwingine, mkubwa zaidi, Mama Vunibola atanipa kitengo changu, na nikiwa na kitengo nitamrudisha Kelera siku hiyo hiyo. Safi kabisa! Sijui kwa nini sikuliwaza mapema.

Na kazi yenyewe nimeshaipata. Ghorofa ya chini, upande wa malalamiko, yuko Salote, binti mchangamfu sana. Kila wiki anatoa takwimu za simu za wateja, anazikokotoa kwenye kompyuta yake, anakisia wiki ijayo watapiga wangapi. Siku nzima inamwishia hapo! Ikifungwa ndani ya hifadhidata ni mstari mmoja.

Nimemwomba skripti yake. Amenipa pale pale, na kipande cha keki ya muhogo juu yake. Aliuliza ya nini. Nimemwambia asiwe na wasiwasi, nataka kujifunza tu. Na siku ya onyesho nitahakikisha nalitaja jina lake mbele ya wote. Anastahili.