Litmasi Kwenye Maharage ya Posa

Alhamisi, 14 Juni 2007
Jumamosi washenga wa kumposa dada Tabita wanakuja kutoka Iyula. Mama kanikabidhi maharage. Binamu yangu Ikupa, wa kwanza darasani kwa kemia, kapewa pilau. Nimeumia. Lakini nina karatasi tatu za litmasi, zile za kupimia asidi na besi, nilizochomoa maabara ya shule. Wataona kemia jikoni.

Ijumaa, 15 Juni
Nimepitia daftari. Mwalimu Kasiani alieleza kwa Kiingereza kwamba asidi kali ikikutana na besi kali, rangi hugeuka kwa tone moja. Dhaifu kwa dhaifu, mpaka wa kugeuka hauonekani. Aliuliza kama tumeelewa. Nikaitikia kwa kichwa. Uongo. Nilichoshika: magadi ni besi, limau ni asidi. Inatosha.

Jumamosi, 16 Juni
Aibu.
Kuni mbichi. Ili maharage yaive upesi nikatia magadi kiganja kizima. Nikaonja: sabuni. Nikakamua malimau manne. Povu likapanda, likamwagika, likazima moto. Nikawasha upya, chini yakaungua. Nikaonja: uchachu. Magadi tena. Limau tena. Nikachovya litmasi. Mbili zikatoka na rangi ya maharage. Ya tatu haikutoka.
Ilitokea kwenye sahani ya mzee Zabron, mshenga mkuu. Akaiinua kwa vidole viwili, akauliza polepole kama kijana wao anawekewa dawa hata kabla hajaoa. Shangazi Yunisi akamgeukia Tabita. Tabita akaanza kulia. Mimi nimesimama mlangoni na beseni la kunawia. Ikupa ndiye aliyesema, “Babu, hiyo karatasi ya shule. Si ndiyo, Nesta?”
Nikasema ndiyo. Hakuna aliyesikia. Nikarudia, nikaeleza yote, hadi wizi, macho kwenye beseni. Mzee akanisogezea sahani yake: basi kula, mwanangu. Nikala yote, wote wakinitazama. Akasema ameamini, maana hakuna mchawi anayejitesa hivyo. Wakacheka. Posa ikapokelewa. Natamani kuhamia mbali, kule Mbebe, nikaishi na mbuzi.

Jumapili, 17 Juni
Tumbo lilinguruma kanisani hadi kwaya ikageuka. Nimemwomba Tabita msamaha. Kanisogezea mchanga wa kusugulia tu. Adhabu yangu ni kusugua sufuria kubwa ya alumini tuliyoazima kwa kina mama wa kanisa, imeganda weusi chini.
Nimetafakari kosa langu kwa unyenyekevu. Nililigundua nikisugua: nilitumia vitu dhaifu. Yusuf anayechaji betri njiapanda amekubali kunipa maji ya betri, chupa nzima. Hiyo ndiyo asidi kali. Nimemwambia Mama aache mchanga, sufuria itang’aa kwa tone moja.