Mwitaliano wa Uani kwa Bi Mwanvua

Chediel Inginia hakuwahi kusomea uinjinia wala ufundi wa aina yoyote. Jina hilo alilipata Arusha, alikokuwa akifagia duka la intaneti, na aliporudi Singida aliona si vizuri kulitupa. Mchana ule alikuwa akitafuta kivuli tu pale Majengo, akamkuta Mzee Shamte ameigeuza gemu yake mpya kifudifudi juu ya meza, anaikagua mgongoni kama anayenunua mbuzi mnadani.

"Hili tundu la nini?" Shamte aliuliza. "Waya zote nimechomeka, limebaki hili."

"Shikamoo, mzee wangu," Chediel alisema, tayari ameshavuta kigoda. "Hilo ndilo tundu la intaneti. Kumbe unakaa na mali halafu hujui?"

Shamte alikuwa mchuuzi wa vitunguu na kuku, na ubavuni mwa nyumba ya mama yake alifungua banda la gemu lililowamaliza watoto wa mtaa hela za daftari. Miaka ile kila redio ilikuwa inaimba mkongo wa baharini, ule waya wa kuleta intaneti, na mfanyabiashara ambaye kibao chake hakikutaja mtandao alijiona mshamba.

"Tunaweka kisanduku sebuleni kwa mama," Chediel alieleza. "Waya unapanda ukutani, unashukia hapa bandani. Watoto wanacheza na Italia moja kwa moja."

"Na hao Waitaliano nao watanilipa?"

"Hatua kwa hatua, mzee."

Macho ya Chediel yalikuwa kwenye pikipiki nyekundu ya Shamte, ambayo kiti chake kilikuwa bado na nailoni ya dukani. Baba yake Asnath, kule Kinampanda wilayani Iramba, alikuwa ameapa kwamba hatoi binti kwa mwanamume anayekuja kuposa kwa miguu. Chediel alimpenda Asnath kweli. Katika maneno yote aliyosema maishani, hilo peke yake halikuwa na chumvi.

Basi akapanga kwa Bi Mwanvua, mama yake Shamte, chumba cha uani kilichopakana na banda. Humo akamficha Peniel, rafiki wa rika lake kutoka Kinampanda, bingwa wa pedi ya kuchezea gemu kuliko wote mkoani. Kisanduku cha sebuleni kiliwaka taa nyekundu na kuzima, kwa hisani ya betri za tochi. Waya zenyewe zilipita juu ya ukuta zikaingia uani: mmoja ulipeleka picha kwenye runinga ndogo, ambayo Chediel aliinunua kwa kuuza mtamba wake wa urithi, na wa pili ulikuwa waya wa pedi uliorefushwa.

"Usitoke mchana, usikohoe, usiseme," alimwonya Peniel. "Wewe ni Marko."

Marko wa Italia akawa gumzo la mji. Siku za mwanzo alifungwa mabao na Radhia, binti wa Shamte, mara kwa mara na kwa ustadi mkubwa. Shamte akavimba kichwa. Ndipo Chediel alipomnong'oneza kwamba Marko ameudhika, anataka mechi moja ya heshima: yeye aweke gari lake, Shamte aweke pikipiki, na Chediel ndiye angeipokea kwa niaba yake. Shamte, mtu wa swala tano, aliuliza kama hiyo siyo kamari. Akaambiwa ni ushirikiano wa kimataifa, na roho yake ikatulia.

Siku ya mechi banda lilifurika. Safari hii Marko alicheza kweli, na zikibaki dakika chache walikuwa sare, bao moja kwa moja, huku Radhia akitokwa jasho. Ndipo Bi Mwanvua alipoingia na mkongojo wake.

"Huyo mgeni wenu hana salamu?" alisema kwa sauti. "Mimi nimeingia, kimya!"

Nyumba haikuwa na dari. Kutoka ng'ambo ya ukuta ikaja sauti yenye adabu zote za Iramba:

"Shikamoo, bibi!"

Kila asubuhi Bi Mwanvua alimpitishia mpangaji wake uji dirishani, na kila asubuhi mpangaji alimwamkia. Mdomo wa Peniel ulishazoea.

Banda zima likamgeukia Chediel.

"Intaneti inatafsiri," alisema haraka. "Mitambo ya kisasa hiyo."

"Marahaba, baba," Bi Mwanvua alijibu, akaketi. "Kumbe anasikia. Basi, Marko mwanangu, mimi ni mtu mzima, nakuomba kitu kimoja. Mwachie mjukuu wangu goli."

Chediel alifumba macho. Peniel, ambaye hakulelewa kumnyima bibi kizee aliyemlisha, akaweka pedi chini. Timu nzima ya Italia ikasimama. Radhia akatembea na mpira mpaka wavuni.

"Gari langu liko wapi?" Shamte akauliza kabla shangwe haijaisha.

"Liko melini, mzee."

"Likifika utaniita," alisema Bi Mwanvua. "Kwanza twende uani. Nimefunga kile chumba, na ndani kuna runinga. Ni ya nani? Yako, Inginia, au ya Marko, tuishike badala ya gari?"

Chediel alipiga hesabu haraka. Akisema ni yake, amejitaja mwenyewe.

"Ya Marko," alisema, na machozi yalimlenga alipoukumbuka mtamba wake.

Shamte hakuwa mjinga, alikuwa mwenye tamaa tu, na kufikia jioni alishaelewa yote. Hakumshtaki mtu. Alimwajiri Peniel aendelee kuwa Marko, akaandika kibaoni ITALIA NA BRAZILI, akapandisha bei.

Chediel aliondoka kwa lifti ya lori la alizeti mpaka Kiomboi, kisha akatembea hadi Kinampanda. Alikuwa amejiapiza kumweleza Asnath ukweli wote, kwa mara ya kwanza. Alipofika uani kwa akina Asnath, aliikuta pikipiki nyekundu, nailoni bado ipo kitini. Shamte alikuwa amemtuma Peniel kukusanya kuku vijijini, na Peniel, kijana mwenye adabu, hakuona vyema kupita bila kuwasalimu wazee.

Asnath alikuwa akimwongezea togwa. Baba yake aliinua uso kwa furaha.

"Karibu, Chediel! Umekuja kwa miguu?"